Hema la Fundi au la Dukani? Vifaa vya Kambi kwa Kundi la Skauti Dodoma

Likizo ya Juni ikikaribia, kiongozi wa kundi la skauti Dodoma hujikuta na daftari la michango ya wazazi mkononi na swali moja: vijana watalala wapi? Jibu la haraka liko dukani, hema la nailoni lenye fito za faiba, limo kwenye mfuko wake, unalipa unaondoka nalo. Jibu la pili lina mzunguko. Unanunua kitambaa kwa mita, unamtafuta fundi wa maturubai, unapeleka nondo kwa mchomeleaji, kisha unangoja. Tumeyapima yote mawili, pamoja na kamba, tranka na vyombo vinavyoandamana nayo, kwa kundi la vijana wa miaka 11 hadi 17 linalopiga kambi mara mbili au tatu kwa mwaka, kati ya Mei na Oktoba.

Tuseme mapema: hema la fundi ndilo la kununua. Ni zito, halipendezi kwenye picha, na fundi akikwambia Jumatano wewe weka Jumamosi. Lakini likichanika, kijana wa miaka 13 analiziba mwenyewe kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na kiraka kilichobaki kwenye kitambaa. Kundi linaloendeshwa na watu wa kujitolea halina fungu la kununua upya kila mwaka, kwa hiyo kifaa ambacho vijana hawawezi kukitengeneza wenyewe ni kifaa cha kukodi tu, hata kama risiti inasema kimenunuliwa.

Hema la dukani

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mvua zake ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kambi ya Juni haioni mvua. Inaona jua kali mchana, upepo, vumbi, na baridi ya alfajiri inayowashtua vijana waliokuja na shuka moja jepesi. Maana yake ni kwamba sifa kubwa ya hema la nailoni, kuzuia maji, haina kazi huku. Kinacholimaliza ni kingine.

La kwanza ni zipu. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga wa muhogo. Linaingia kwenye kile kichwa kinachotembea na kukisaga kwa ndani, hadi kinapita juu ya meno bila kuyabana. Zipu inaonekana imefungwa, halafu inaachia nyuma. Dawa yake: isugue kwa mswaki mkavu kila asubuhi, pitisha mshumaa juu ya meno, na kichwa kikilegea kibane taratibu kwa koleo pande zote mbili, nguvu sawasawa. Ukibana upande mmoja zaidi, kinapasuka.

La pili ni fito. Huvunjika karibu kila mara mahali pamoja, kwenye mdomo wa kile kifuniko cha chuma kinachounganisha kipande na kipande. Sababu si ubovu wa faiba peke yake. Kijana anapinda ufito kabla kipande hakijazama chote, kimeingia sentimita moja tu, na mzigo wote unaangukia pale. Wakati wa kukusanya, wengi huvuta ufito kutoka kwenye mkunjo wake badala ya kuusukuma, vipande vinaachana ndani na kitambaa kinatatuka. Beba vipande viwili vya bomba jembamba la sentimita 12 linaloweza kuvikwa juu ya ufito, na solotepu nzito. Hiyo itakufikisha asubuhi, basi.

La tatu ni mwiba wa mgunga. Sakafu ya hema hili imeshonewa moja kwa moja na ukuta, haitoki, na nailoni yake ni nyembamba. Kufagia eneo kabla ya kusimamisha hema hakukwepeki, na kwa mkono ndiyo uhakika, kwa sababu ufagio unaruka juu ya miiba iliyolala.

Kibandiko cha "watu 4" nacho kisimdanganye mtu. Sakafu ya mita 2 kwa 2 ikigawanywa kwa wanne ni nusu mita kila mmoja, bila begi, bila kugeuka. Hesabu watatu. Kikosi cha vijana wanane kitahitaji mahema matatu, na hapo ndipo tatizo la uongozi linapoanzia. Skauti ni mpango wa vikosi: mwaka 1907 kambi ya kwanza ya Baden-Powell kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, iliwagawa vijana katika vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Kikosi kilichotawanywa kwenye mahema matatu kinaamka kikiwa makundi matatu, na kiongozi wa kikosi, mtoto wa miaka 15, anazunguka na tochi kuhesabu watu wake.

Hema la fundi: vipimo vya kumpelekea

Umbo ni lile la zamani, kama paa la nyumba lililowekwa chini: nguzo mbili, mti wa mgongoni, kitambaa kinashuka hadi ardhini pande zote mbili. Upana chini mita 3, kimo mita 2. Ukichukua nusu ya upana, mita 1.5, na kimo cha mita 2, ule mshuko wa kitambaa unakuwa mita 2.5 kamili, na kwa kimo hicho hata kijana mrefu anasimama wima katikati.

Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinakatwa hivi. Vipande vitatu vya mita 5, kila kimoja kinapanda upande mmoja na kushuka wa pili. Vikiunganishwa kwa ubavu na kutoa mikunjo unapata urefu wa mita 4.4 hivi. Hizo ni mita 15. Milango miwili, mbele na nyuma: kipande cha mita 2 kilichokatwa kona kwa kona kinatoa pembetatu mbili, yaani mlango mmoja. Weka mita 5 kwa milango yote ili pawepo na kitambaa cha kupandana katikati. Ongeza mita 2 za viraka, pindo na mfuko wa kubebea. Jumla mita 22. Ukipewa hesabu ya mita 30 kwa vipimo hivyohivyo, uliza zile nane zinakwenda wapi.

Vijana wanane wanalala kwa kukingama na urefu wa hema, kila mmoja sentimita 55, mabegi miguuni. Kikosi kizima chini ya paa moja.

Kitambaa kiwe kanvasi ya pamba, si turubai la plastiki la lori. Turubai la lori ni rahisi kulipata na mafundi wengi watakushawishi nalo, lakini halipumui. Mchana ni tanuri, na alfajiri ya Juni pumzi za watu wanane zinageuka maji kwenye paa na kuwadondokea. Lifanye sakafu, au kivuli cha jikoni. Dukani kanvasi ya pamba na ya nailoni zinafanana sana machoni, kwa hiyo chomoa uzi mmoja pindoni na uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, nailoni inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Muuzaji anayekataa usichome uzi mmoja amekwisha kukujibu.

Cherehani ya nguo haipiti kwenye kanvasi iliyokunjwa mara nne. Kazi hii ni ya wanaoshona maturubai ya lori na viti vya magari, na Dodoma hawakosekani, malori yanapita mchana na usiku. Maelekezo ya kumpa ni machache, ila yasimamie: "Fundi, mshono wa ubavuni uwe wa kukunja kama wa jinzi, mistari miwili. Uzi wa polista mnene. Mgongoni pitisha mkanda wa begi urefu wote. Na kila ringi ikae juu ya kiraka, isikae kwenye kitambaa kimoja." Hilo la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Ringi ya chuma iliyopigwa kwenye kitambaa kimoja hung'oka na tundu lake upepo wa kwanza ukija. Kiraka cha sentimita 10 kwa 10, kimekunjwa mara mbili, kinagawa mvuto. Mpe nusu ya malipo, nyingine aipate hema likiwa limesimama mbele yako, uwanjani, si likiwa limekunjwa juu ya meza.

Kabla ya kambi ya kwanza lisimamishe, ulimwagie maji hadi lilowe, uliache likauke. Nyuzi za pamba zinavimba na kuziba matundu ya sindano. Mishono inayoendelea kuvuja isugue kwa mshumaa kisha pitisha pasi ya mkaa isiyo kali sana. Na likinyeshewa kweli, mwezi wa Aprili kwa mfano, vijana wasiguse paa kwa ndani. Pale kidole kilipopita maji yanaanza kudondoka.

Nguzo na vigingi

Nondo moja ya milimita 10 ina urefu wa mita 12. Ikikatwa vipande vya sentimita 40 inatoa vigingi 30. Hema moja linakula 18: kumi pembeni, vinne vya milango, vinne vya kamba kuu. Kumi na viwili vinabaki akiba. Mchomeleaji avikunje vichwa kama bakora na avinoe ncha. Vigingi vinavyokuja na hema la nailoni, vile vyembamba kama waya wa hanga, havijui ardhi ya Dodoma ya Agosti ilivyo. Vinapinda kwa pigo la pili. Hata hivi vya nondo vinataka nyundo ya kilo mbili, na palipo pagumu mno mwaga maji kidogo usiku wa kuamkia siku ya kusimamisha.

Kwenye mchanga wa korongo tatizo ni kinyume: kigingi kinaingia kwa mkono na kutoka kwa mkono. Jaza mchanga kwenye kipande cha kiroba, kifunge kamba, kizike nusu mita kwenda chini. Kinashika kuliko chuma. Lakini korongo lenyewe usilale ndani yake, hata kiangazi; lala ukingoni, juu kabisa.

Nguzo mbili za mita 2 na mti wa mgongoni wa mita 4.4 zitoke kwenye mirunda mikavu yenye unene wa inchi mbili. Mirunda mibichi ni ya bei nafuu, inapinda ikikauka na hema linakuwa na kibyongo. Mti wa mgongoni ukatwe vipande viwili vinavyoungana kwenye bomba la sentimita 40, la sivyo hauingii kwenye guta. Juu ya kila nguzo pigilia msumari wa inchi sita uliokatwa kichwa, upenye kwenye tundu la mti wa mgongoni. Wale wanaopanga kukata miti kambini waache. Huu ndio mkoa uliohitaji mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), kuanzia 1973, kurudisha ardhi ya Kondoa iliyoliwa na mmomonyoko, na kijana aliyekata mti mbichi bila ruhusa anamwachia kiongozi wake ugomvi na serikali ya kijiji.

Kusimamisha, vijana wanne wanatosha na mtu mzima aweke mikono mfukoni. Wawili wanashika nguzo, wawili wanapigilia kamba kuu, mbili kila upande, zikitanuka kama herufi V. Kigingi kikae mita 2 kutoka chini ya nguzo, sawa na kimo chake, na kichwa kilale kuelekea mbali na hema. Kamba kuu zikisimama ndipo pembeni pafuatie, kona kwanza. Wakianza na pembeni, mgongo unakaa kombo na hakuna kamba itakayounyoosha. Mlango uelekee magharibi, maana upepo wa kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na mlango wa upande wa pili ufungwe hadi chini. Kisulisuli cha saa nane mchana kikiingia ndani ya hema lililo wazi mbele na nyuma kinalinyanyua lote.

Kamba

Hapa watu hununua vibaya kwa sababu wanataka kamba moja ya kazi zote. Katani ndiyo kamba ya kufungia miti: meza ya jikoni, mnara, daraja. Ina manyoya, inashika gome na haiteremki. Chukua unene wa milimita 6 hadi 8, mita 4 kwa kila fungo, na usimruhusu kijana aunge vipande viwili katikati ya fungo. Manila ya plastiki kwenye kazi hiyo ni hatari. Inateleza, fungo linaonekana limekaza huku linalegea kidogo kidogo, na anayegundua ni yule aliyepanda juu.

Kwa kamba kuu za hema mambo yanageuka. Katani ikilowa inajikunja na kufupika, inang'oa vigingi au inapasua ringi usiku. Hapo manila ya milimita 6 inafaa, mita 4 kwa kila kamba, mita 16 kwa hema, ncha zimeunguzwa kwa moto. Ncha za katani haziunguzwi, zinafungwa kwa uzi mzunguko wa sentimita mbili. Kundi lenye katani zenye ncha zilizofumuka kama mkia wa ng'ombe limekwisha kukuambia jinsi linavyotunza vitu vyake.

Tranka, maji na jiko

Tranka la bati la wanafunzi wa bweni ni kasha bora la kikosi, na linapatikana kirahisi kila shule zinapofunguliwa. Udhaifu wake ni vishikio: ribiti zake zinang'oka mzigo ukivuka kilo 20 hivi. Mpelekee fundi atoboe na aweke bolti zenye washa pana kabla hujalipakia. Ndani ya kifuniko bandika orodha kwa solotepu pana: sufuria la lita 10, sufuria la lita 6, mwiko, sahani na vikombe 8, panga, jembe dogo, nyundo, vigingi 30, taa, shazia mbili na uzi. Ufunguo akae nao mtunza vifaa wa kikosi, kijana, na kiongozi mtu mzima awe na wa akiba. Makundi mengi yanafanya kinyume na kushangaa kwa nini vijiko vinapotea: kitu kilicho chini ya ufunguo wa mwalimu ni cha mwalimu.

Sufuria la lita 10 linapika ugali wa wanane, kilo 2 za unga kwa lita 4 hadi 5 za maji, na bado pana nafasi ya kusonga bila kumwaga. Maharage yalowekwe usiku. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, maharage yanakataa kuiva na sabuni haitoi povu, kwa hiyo uliza maji ya kijiji yakoje kabla ya kupanga chakula. Kadiria lita 10 kwa kila mtu kwa siku, kikosi kimoja madumu manne ya lita 20. Dumu liwe lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba dawa ya shamba halisafishiki, hata harufu ikiisha. Eneo la moto lifagiwe mita 3 kila upande na ndoo ya mchanga ikae karibu. Nyasi za Septemba hazingoji.

Skafu: kitambaa cha pamba cha mraba wa sentimita 90 kinatoa mbili. Kile kinachong'aa kinateleza na hakifungi mkono uliovunjika.

Pale hema la dukani linaposhinda

Hema la fundi lenye vigingi na nguzo zake halibebeki mgongoni. Kanvasi na vigingi peke yake ni karibu kilo 20. Matembezi ya usiku mmoja ya vijana wakubwa, wanaobeba kila kitu wenyewe, yanataka nailoni. Viongozi nao wanalihitaji, kwa kuwa mtu mzima halali hema moja na watoto, na palipo na wasichana lazima awepo kiongozi mwanamke mwenye hema lake, jirani na la wasichana. Kundi la vijana 24 kwa hiyo linunue mahema matatu ya fundi na mawili madogo ya dukani. Vikosi vyenye wasichana na wavulana pamoja vipangwe upya kwa ajili ya kulala.

Stoo

Kanvasi haifi kambini, inafia stoo. Ikikunjwa na unyevu wa umande tu, ukungu mweusi unaanza baada ya siku mbili tatu na hautoki. Ianike saa nzima baada ya jua kupanda, igeuze, kisha ikunje. Mirunda isilale kwenye udongo, mchwa wanaimaliza kimyakimya na nguzo inavunjika ikiwa imevaa gome zuri. Na panya wa stoo za shule wanapenda kanvasi iliyofutiwa mikono yenye mafuta ya kupikia, kwa hiyo hema lining'inizwe kwenye waya kutoka kwenye mbao za paa, mbali na ukuta, na mfuko wake ubaki wazi juu.